Jioni au alfajiri? Safari ya kurekodi wazee, Lamu na Kizingitini

Ijumaa, njiani

Basi la Lamu hutoka Mombasa mapema, na ukilikosa siku imeharibika. Nimebeba begi la nguo, leso mbili alizoagiza Bibi, na rekoda ndogo niliyoazima kwa rafiki yangu wa redio.

Ninachokifuata Lamu ni usiku mmoja tu. Au jioni moja, inategemea unamuuliza nani. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa katika kijiji cha bara, upande wa Kiunga, na miaka ya Shifta, vita vya waasi wa kaskazini mwa Kenya waliotaka kujitenga, watu wa kijiji kile waliingia mashuani wakaacha nyumba, mashamba na makaburi yao. Jina la kijiji sitalitaja, wenyewe wameniomba. Vijiji vingi vya upande ule vilihamwa miaka hiyo, na wajukuu wa watu wale leo wamejaa Lamu, Pate, Malindi na Mombasa. Kwetu hadithi hii haikosi kwenye arusi wala kwenye matanga, na kila msimulizi ana yake.

Mjomba anataka ile iliyo sahihi, aipige chapa, kila nyumba ipate nakala. Mimi nazitaka zote. Tumezozana juu ya hilo kwenye simu hata mama akaingilia kati.

Baada ya Malindi joto likazidi. Garsen tulishuka kunywa chai, vitambulisho vikakaguliwa, tukapanda tena. Barabara sasa ni lami, ila vizuizi vya askari ni vile vile.

Witu nilifungua dirisha nitazame. Mji huu Waingereza waliuchoma mwaka 1890, na inasemekana ndimo kilimopotelea kitabu cha asili cha Habari za Pate, tarikhi ya masultani wa Kinabahani waliotawala Pate. Yaliyosalia yalikuwa kifuani mwa mzee mmoja wa ukoo ule ule, Bwana Kitini, na wageni wakamwendea kwa zamu na kalamu zao. Mwingereza Stigand alichapisha aliyopewa mwaka 1913, msomi Alice Werner akafuatia mwaka 1914 na 1915, na hawakuwa peke yao. Msemaji ni yule yule, lakini masimulizi hayalingani: miaka inapishana, na mambo yaliyomo humu hayamo mle. Mwanaakiolojia Neville Chittick naye, alipokwisha kuchimba Pate, aliitilia shaka miaka ya mwanzo kabisa, ile inayosema Wanabahani walifika karibu na mwaka 600 wa Hijria.

Wapo wanaoona hilo ni aibu kwa Bwana Kitini. Mimi naona ni bahati yetu. Angetokea mtu mwenye pupa akayasuluhisha masimulizi yote, akabakisha moja na kuyatupa mengine, leo tusingejua ni wapi mzee yule alikuwa na hakika na ni wapi alikuwa akipapasa.

Mokowe tulifika jua limeshaanza kushuka. Boti, jeti, kisha vichochoro vya Langoni, mtaa wa Bibi mjini Lamu, na begi kichwani mwa kijana aliyekataa katakata nilibebe mwenyewe.

Jumamosi, Langoni

Bibi alinipokea kwa mahamri na lawama za kutokuja. Baada ya chai nilizima feni nikaomba radhi kwa joto. Feni ukiwa nayo chumbani huisikii, lakini kwenye rekoda hula maneno yote ya mwisho wa sentensi. Rekoda niliiweka juu ya leso iliyokunjwa, nayo leso juu ya mkeka, ili kikombe kikiwekwa chini kisipige kishindo. Adhana na punda wa jirani sikuwazuia, wamo na watabaki wamo.

Kila nirekodipo naanza kwa kutaja tarehe ya Hijria na ya miladi, mahali, na kila aliyemo chumbani. Kisha namwomba msemaji aseme jina lake.

"Jina langu hulijui?" Bibi akauliza.

"Nalijua Bibi. Nataka nao watakaokuja walijue."

Akajiweka sawa, akataja jina lake na la babake na la babu yake, akapanda hivyo hadi babu wa saba bila kusita pahali. Ningelala pale pale siku hiyo, ningekuwa tayari nimepata cha kurudi nacho.

Swali langu lilikuwa moja: "Bibi, nieleze siku mliyoondoka." Nikanyamaza.

Alisema walikuwa wamelala. Mama yake aliwaamsha mmoja mmoja kwa kuwashika mguu, hakutamka neno. Yeye akapewa mbuzi ya kukunia nazi aibebe, akaipakata mashuani njia nzima. Mvua ilikuwa ikinyesha, mvua ya kuangusha nyumba. Maji yalikuwa yamejaa mpaka chini ya minazi, mashua haikusukumwa hata kidogo, watu walipanda kama wanavyopanda gatini. Nyuma yao kulikuwa na moshi, lakini hakuuona kwa macho, aliunusa.

Hapo Mjomba akaingia. "Ilikuwa usiku wa manane, sivyo Mama? Na mwezi ulikuwa mpevu."

"Ehe," Bibi akasema. "Mpevu. Mweupe pee."

Tangu hapo mwezi haukuondoka tena kwenye maneno yake. Mama yake aliamsha watoto kwa mwanga wa mwezi, mbuzi ya nazi iling'aa kwa mwezi, nyuso za watu ziling'aa kwa mwezi. Nimerudia kusikiliza mwanzo wa rekodi usiku huu, sikioni, polepole. Mpaka Mjomba alipofungua kinywa, Bibi hakuutaja mwezi hata mara moja. Alitaja mvua.

Mwaka 1974 huko Marekani, Elizabeth Loftus na mwenzake John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yaliyogongana, wakawauliza yalikuwa yakienda mwendo gani. Walichobadilisha ni neno moja tu la swali. Waliosikia kwamba magari "yalipondana" walitaja mwendo mkubwa kuliko waliosikia kwamba "yaligusana". Katika jaribio jingine la namna hiyo, wanafunzi waliulizwa baada ya wiki kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwemo. Lakini waliosikia neno zito walisema waliviona kwa wingi kuliko waliosikia neno jepesi. Vijana wale walikuwa na macho mazima na filamu ilikuwa ya wiki moja tu nyuma. Sembuse mtoto wa miaka tisa, na miaka sitini imepita, na anayemuuliza ni mwanawe mpenzi anayemkalia goti kwa goti.

Nilimwomba Mjomba kwa adabu akae dakani, pale ukumbi wa mlangoni, mpaka nimalize na Bibi. Alikunja uso. Bibi mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Nenda baba, mwache mtoto afanye kazi yake," na ikawa.

Peke yetu, Bibi alinyanyuka akaenda jikoni, akarudi na mbuzi yenyewe. Nimeikalia utotoni nikikuna nazi na sikuwahi kuitazama. Ubao umekuwa mweusi kwa mafuta ya mikono na nazi za watu wangapi sijui. Ulimi wa chuma umelika, meno ya katikati yamekuwa mafupi kuliko ya kando. Mguu mmoja umeungwa kwa msumari, na kichwa cha msumari kimepigwa kikalala ndani ya mti ili kisichane nguo. "Hii," Bibi akasema, akaipiga kofi. "Hii ndiyo iliyobaki ya kule."

Jumapili, Langoni

Mama mdogo alikuja na sahani ya viazi vya karai na hamu ya kusema. Alisimulia vizuri kuliko wote: mashua, baridi ya maji miguuni, mtoto aliyelia akazibwa mdomo kwa leso. Alisema "tuliona", "tulishuka", "mimi nilikuwa nimeshika nguo ya mama". Machozi yalimtoka, na mimi yakanitoka.

Mama mdogo alizaliwa Lamu, zaidi ya miaka kumi baada ya mashua ile.

Hakuwa akidanganya, nataka hilo lieleweke kwa yeyote wa nyumbani atakayesoma haya. Amelala kwa mama yake miaka yote ya utoto, taa imezimwa, akisikia habari hiyo hiyo, na mtoto akisikia jambo gizani mara nyingi hulijengea picha, na picha ikikaa sana mwenyewe hukosa kujua ilitoka wapi. Akili haiandiki kando ya kila kumbukumbu kwamba hii niliiona na hii niliambiwa.

Kwa hiyo sisi ndio wa kuandika. Wazee wetu wa elimu walikuwa na njia yao, na hapa Lamu, mji wa madarasa, haihitaji kueleza sana: sanad, yaani mnyororo wa waliopokezana habari. Kabla ya kuuliza hadithi ya Mtume inasema nini waliuliza imepita kwa nani, je alikutana na aliyempokelea, na hifadhi yake ilikuwaje. Msimulizi mwaminifu ambaye akili yake ilichanganyika uzeeni hawakumtupa. Walichunguza wanafunzi wake: aliyempokelea kabla ya kuchanganyika alikubaliwa, aliyempokelea baadaye aliwekwa kando. Kumwamini mtu ni jambo moja, na kuiamini hifadhi yake siku fulani ni jambo jingine, na wale watu waliweza kuyatenganisha bila kumvunjia mtu heshima yake.

Nimenunua kadi ngumu dukani na ninaandika moja kwa kila rekodi. *Amesema Bibi, aliyekuwemo, umri yapata miaka tisa. Amesema Mama mdogo, hakuwemo, amepokea kwa mama yake. Mwezi: umetajwa kwanza na Mjomba.* Mjomba aliiona hii ya mwisho. Hakusema kitu. Yeye amesoma madrasa kuliko mimi, anajua vyema maana yake.

Mwaka je? Bibi: mwaka wa uhuru. Mama mdogo: mwaka wa uhuru. Jirani aliyepitia kuazima ungo: mwaka wa uhuru. Uhuru ulikuwa tarehe 12 Desemba 1963, na hali ya hatari kule kaskazini ilitangazwa mwisho wa mwezi huo huo. Vita vyenyewe vilikwenda mpaka 1967. Ili iwe mwaka wa uhuru hasa, ingebidi waondoke ndani ya siku chache tu. Kitambulisho cha Bibi hakisaidii, kina tarehe mosi Januari, tarehe waliyopewa wengi waliokuwa hawana cheti. Umri wake anauhesabu kwa Hijria, ambayo mwaka wake ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, na kwa miaka sitini tofauti inakaribia miaka miwili. Na ile mvua ya kuangusha nyumba inanifikirisha zaidi, kwa kuwa mvua inayokumbukwa pwani yote ni ya mwisho wa 1961, iliyoufurisha Mto Tana. Huenda Bibi ana usiku wa aina mbili kwenye usiku mmoja.

Nilimuuliza kwa nini anasema mwaka wa uhuru. Alikuwa akichambua mchele. "Kwani wewe wasemaje? Wenzetu walipewa bendera, sisi tukapewa bahari."

Mji wa Terni, Italia, alikuwepo kijana mfanyakazi wa kiwandani, Luigi Trastulli, aliyeuawa na polisi katika maandamano mwezi Machi 1949. Mwanahistoria Alessandro Portelli alipowarekodi wazee wa mji ule, wengi walimwambia kijana alikufa mwaka 1953, mwaka ambao maelfu walifukuzwa kazi kiwandani. Walimhamisha maiti kwa miaka minne, kwa sababu kifo chake kwao kilikuwa na maana pale, mahali palipowauma. Portelli hakuwasahihisha akaondoka. Aliweka tarehe ya kweli, kisha akauliza kwa nini wote wanakosea upande mmoja. Nami naona Bibi ametaja mwaka kwa namna hiyo. Nitaandika pembeni kwamba huenda ni 1964 au baadaye, lakini "mwaka wa uhuru" haufutwi, kwani ndani yake mna shitaka.

Jumatatu, Kizingitini

Boti za kisiwa cha Pate hufuata maji, si saa. Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, haupitiki vyema maji yakipwa, kwa hiyo ulipo wakati wa maji ndipo ulipo wakati wa safari. Tulipita mikoko ikigusa ubavu wa boti. Abiria, magunia, kuku, friji moja imefungwa kwa kamba. Mtangawanda wakashuka wengi, tukaendelea upande wa Faza, na mwisho Kizingitini.

Babu, nduguye Bibi anayemfuata, nilimkuta kivulini akishona wavu. Hakuuacha wavu kwa sababu ya rekoda, na mimi sikumwomba auache. Mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka. Swali lilikuwa lile lile, kwa maneno yale yale.

Babu anasema ilikuwa jioni, baada ya alasiri. Askari walikuwa wamekuja asubuhi wakaamrisha watu wahame. Mvua haikunyesha. Yeye alikuwa na miaka sita, alikuwa na paka, na paka alikataa kuingia mashuani. Alimlilia mpaka akalala. Alipoamka kulikuwa giza totoro, haoni hata mkono wake, na alikuwa na njaa, na mama yake alimpa muhogo mkavu autafune polepole.

"Paka alikuwa rangi gani, Babu?"

"Mweusi, na mguu mmoja mweupe. Huu." Akanyoosha mguu wake mwenyewe wa kushoto.

Mwezi hakuutaja. Moshi hakuutaja. Nilipomuuliza mama yao alibeba nini, alitaja msahafu, sufuria mbili na mkeka. Mbuzi ya nazi? Akacheka. "Mbuzi ile mama aliinunua Faza, kwa fundi. Nilikwenda naye mimi mwenyewe."

Watoto wawili wa tumbo moja, ndani ya mashua moja. Nilikaa pale mpaka magharibi nikimtazama anavyopitisha sindano, na sikumwambia aliyoyasema dada yake. Hilo ni sharti nimejiwekea: sipeleki maneno ya mmoja kwa mwingine kabla wote hawajasema.

Jumanne, Kizingitini

Asubuhi Babu alinipeleka kwa nahodha mzee, mtu asiyehusiana nasi na asiyejua kisa chetu. Nilimuuliza habari za maji tu.

Bibi na Babu wanapatana kwa jambo moja, nalo wamelisema kila mmoja kivyake: maji yalikuwa yamejaa kupita kawaida, mpaka chini ya minazi, mashua ikapandwa bila kusukumwa. Hayo ni maji ya bamvua. Na bamvua, nahodha akasema, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Katikati ni maji mafu.

Nikahisi nywele zinanisimama. Mwezi mweupe wa huyu na giza totoro la yule, zote ni siku za bamvua.

"Na hujaa saa ngapi?"

"Bamvua pande hizi yajaa kwenye saa kumi. Saa kumi za alfajiri, na saa kumi za jioni. Kwenye saa nne yamekupwa."

"Saa sita ya usiku je?"

"Saa sita mashua bado iko mchangani. Utaisukuma na watu, na watu watapiga kelele." Akanitazama. "Aliyetaka kutoka kimya atangoja alfajiri."

Basi bahari haikumkadhibisha yeyote. Jioni ya Babu inasimama, baada ya alasiri hasa ndipo maji hujaa. Usiku wa Bibi nao unasimama, ila unasogea kutoka manane kwenda karibu na adhana ya alfajiri. Kilichoanguka ni usiku wa kati peke yake. Mambo ya namna hii ndiyo yanayonifanya nisichoke kuwahoji wazee. Mtu anaweza kusahau mwaka, akasahau nani alikuwepo, lakini aliyelelewa ufukweni hasahau maji yalikuwa wapi, na maji yana hesabu yake isiyobadilika tangu siku ile mpaka leo.

Mchana niliandika kadi za Babu. Nakala za sauti niliacha moja kwa mjukuu wake hapa, kwenye kadi ya kumbukumbu ndani ya bahasha, jina na tarehe juu. Moja ninayo, moja itakaa Mombasa. Simu huanguka majini, na nyumba nazo huungua.

Jumatano

Boti ya kurudi iliondoka kabla hakujapambazuka. Nililala njia nzima.

Alhamisi, Langoni

Bibi aliomba kusikia sauti ya nduguye. Wamekwisha sema wote, sasa hapakuwa na cha kuficha. Babu alikuwa ameridhia isikike, hilo nilimuuliza mapema. Niliiwasha rekoda ya pili, ili wakati akisikiliza nipate na maneno yake.

Alisikiliza kwa kichwa kimeinama. Kwenye jioni alitikisa kichwa. Kwenye askari akasema, "La, la." Kwenye muhogo mkavu akacheka. Kisha Babu akamtaja paka, na Bibi akanyoosha mkono, nikasimamisha sauti.

Alikaa kimya muda mrefu. Mimi nilijua nisiseme. Nje mtu alikuwa akipigia bei samaki.

"Paka alikuwepo," akasema. "Nalimsahau. Mguu mweupe, kweli." Kisha, pole pole: "Walitangulia wao. Mama na wadogo walitangulia jioni. Mimi nalibaki na babu yangu, mzee hakuweza kutembea upesi. Sisi tulitoka alfajiri. Mashua zilikuwa mbili."

Mjomba alikuwa mlangoni. Aliruka. "Basi imekwisha! Wote wasema kweli! Andika hivyo!"

Furaha yake ilikuwa ya kweli, na nilitamani sana kuishiriki. Lakini mashua mbili hazijawahi kutajwa na mtu yeyote katika ukoo huu. Na asubuhi ya Jumamosi, kwenye rekodi ile ile, Bibi alisema ni mama yake aliyewaamsha, mmoja mmoja, kwa kuwashika mguu. Kama mama alitangulia jioni, ni nani aliyeushika mguu ule alfajiri?

Huenda ni kumbukumbu ya kweli iliyokuwa imelala, na paka ndiye aliyeiamsha. Hutokea, harufu au jina moja likafungua chumba kizima. Na huenda ni moyo wa dada mkubwa unaokataa nduguye aitwe mwongo, ukatafuta mahali wote wawili wapate kukaa. Moyo hufanya hivyo haraka sana, na mwenye moyo haoni kazi ikifanyika. Mashua mbili zinapatanisha saa, lakini mwezi haziupatanishi: kama ni siku moja, haiwezekani jioni iwe giza totoro na alfajiri yake mwezi mpevu, labda kwa wingu zito. Ila ukiuondoa mwezi, uliotoka kwa Mjomba, ukabakisha mvua ya Bibi, wingu lipo tele. Tatizo ni kwamba Babu hakuona mvua.

Niliandika: *Amesema Bibi, aliyekuwemo, baada ya kusikia sauti ya nduguye, na si kabla.* Nikamsomea Bibi kadi yenyewe, kwa sababu ni haki yake kujua nimeandika nini juu yake. Aliniambia niongeze kwamba paka alikuwepo, na hilo halina shaka.

Na mbuzi ya nazi? "Ya Faza ni nyingine," akasema. "Ile ilivunjika."

Ijumaa, jetini

Kabla ya boti ya Mokowe nilimpigia Babu. Sikutaka kumtilia neno kinywani, kwa hiyo nilisema tu, "Babu, nieleze tena mashua yenyewe."

"Mashua ilikuwa moja," akasema. "Moja, safari mbili. Ilitupeleka sisi jioni, ikarudi kuwachukua waliobaki."

Moyo ulinipiga. Nikamuuliza kama kuna mtu amezungumza naye juu ya jambo hili tangu niondoke Kizingitini.

"Mjombako alinipigia jana usiku. Ana furaha kweli kweli, ati dada amekumbuka."

Nilikaa juu ya begi langu kando ya magunia, nikatoa kadi na kalamu. *Amesema Babu, aliyekuwemo, umri yapata miaka sita: mashua moja, safari mbili. Kwa simu. Amesema hayo baada ya kupigiwa na Mjomba usiku wa kuamkia leo. Rekodi ya kwanza, Jumatatu, haina safari ya pili wala haiikanushi.*